Affie na Kikombe cha Kaburini

Wifi yangu Affie ana ugonjwa wa kufagia. Nasema ugonjwa, na simwonei. Watu wengine wakiamka hunawa uso, wakanywa kitu cha moto, wakatoka kuangalia mbingu zinasemaje. Affie alikuwa anashika ufagio wake wa vijiti hata tongotongo hazijamtoka. Alifagia uwanja wa mchanga mpaka ukabaki na mistari kama kichwa kilichochanwa, na ole wako uukanyage kabla yeye mwenyewe hajauangalia akaridhika. Mimi nilipoolewa Hebroni na kaka yake, Renty, nikitokea pwani kwa watu wa mashamba ya mpunga, hilo ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilikatiza uwanja na viatu vyangu vya harusi.

"We bibi harusi!" akaniita akiwa mlangoni. "Kwenu mnatembea juu ya vitanda vya watu?"

"Kwetu uwanja ni uwanja, wifi."

"Basi hapa si kwenu. Rudi ulikotoka, upitie pembeni."

Nikarudi, nikapitia pembeni, na Renty huyo anajiuma midomo asicheke. Tangu siku ile tukawa mawifi kwelikweli. Asubuhi tunagombana, jioni tunapatana. Nikiugua, yeye ndiye wa kwanza kufika na sufuria ya wali na kunde, na kabla sijala kijiko cha kwanza ameshanisema jinsi ninavyopanga vyombo vyangu. Nilimchukia, nikampenda, nikamzoea. Sikuwa na dada, kwa hiyo yeye akawa ndiye.

Hebroni ilikuwa kijiji chetu sisi watu weusi kwenye kona ya mto, huku Carolina Kusini, Marekani. Mababu waliinunua kipande kwa kipande baada ya utumwa, na kila kipande kililipiwa kwa pamba ya miaka mingi. Juu ya kilima palikuwa na kanisa, na nyuma ya kanisa, katikati ya mierezi, palikuwa na makaburi. Ufunguo wa kanisa alikuwa nao Affie. Hakupewa na mtu. Aliuchukua mwaka fulani akidai waliokuwa wanasafisha wanalamba tu vumbi, na haukurudi tena. Shemasi Prioleau, mzee wa kanisa letu, alisema mwacheni, maana hata mkimnyang'anya atapitia dirishani.

Mumewe ni Isom, fundi wa msumeno, mtu mrefu, mpole, asiyependa maneno mengi. Affie akipandisha, Isom husubiri aishiwe pumzi, kisha husema, "Haya, mama Tobi," na ugomvi unaishia hapo.

Tobi alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa na miaka saba, na mapengo mawili mbele, na mdomo aliourithi kwa mama yake. Masika moja mto ulifurika. Tobi akaenda kuangalia kama daraja la magogo bado lipo. Lilikuwepo, na yeye akapita juu yake, na alipofika katikati halikuwepo tena. Walimtafuta siku nyingi. Aliyempata ni baba yake, chini huko kwenye matete, na alimbeba mwenyewe mpaka nyumbani, hakutaka msaada wa mtu yeyote.

Sitasema alikuwaje. Affie alimwosha peke yake akiwa amefunga mlango, na sisi wanawake tumesimama nje tukisikia maji yakimiminwa. Alipotoka alisema kitu kimoja tu: Tobi azikwe juu kabisa, mbali na mto kuliko wote. Shemasi alitaka kusema kwamba upande ule ni wa watu wa zamani, wa enzi za utumwa, ambao hatujui hata majina yao. Akamtazama Affie usoni, akaenda kuwaita wachimbaji.

Sisi mtu akifa, vitu alivyovigusa mwisho tunamwekea juu ya kaburi. Kikombe, sahani, taa, chupa ya dawa, saa iliyosimama. Tunavivunja kidogo kwanza, ili mauti yakatike hapohapo yasimfuate mwingine. Na vikishawekwa, havitolewi. Kitu cha kaburini ukikiingiza nyumbani, mwenyewe anakifuata. Hayo hata mtoto wa Hebroni anayajua kabla hajajua kuhesabu.

Tobi asubuhi ile alikunywa maziwa kwenye kikombe cha udongo cheupe, chenye ua la buluu. Affie alitakiwa akipasue. Akakishika, akakiinua juu ya jiwe, akakishusha, akakiinua tena. Mwishowe akavunja kishikio tu. Akapiga magoti, akakitia kikombe kwenye udongo mbichi, na mbele yetu sote akaongea na mwanawe kama anamlaza kitandani.

"Lala, mwanangu. Hapa ni pakavu. Maji hayatakugusa tena, mama yako nipo."

Nilikuwepo. Nilisikia kwa masikio yangu, na huwa natamani nisingesikia.

Isom alimchongea ubao wa msonobari wenye jina lake. Mchwa wakaumaliza. Akachonga mwingine, nao ukaenda njia hiyohiyo. Jiwe hatukuwa nalo. Lakini Affie alihitaji jiwe la nini? Kila Jumamosi alikuwa pale na ufagio, anakwangua majani, anainua udongo ulioshuka, anakiweka kikombe sawa. Karibu na kichwa cha Tobi palikuwa na mwerezi uliojisokota shina kama nguo inayokamuliwa. Hatua chache kutoka hapo, basi umefika.

Ikapita miaka kumi na miwili. Mwaka ule wa 1940 ndipo wakaja watu wa bwawa.

Walishazungumza na wakubwa wao huko mjini mambo yote yakaisha, ndipo wakaja kutuambia sisi. Mto utazibwa, umeme utapatikana, na bonde lote litakuwa ziwa. Hebroni nzima, na kanisa, na kilima chake. Tutapewa mahali pengine kule juu kando ya barabara. Renty alisimama akauliza, na sisi tusiotaka? Yule mzungu akamjibu kwa upole tu, maji hayaulizi nani anataka. Wala hakuwa anatania.

Affie hakuuliza habari za nyumba wala shamba. Alisimama nyuma ya watu wote, akauliza, "Na waliokufa?"

"Makaburi tutayahamisha," akasema yule bwana. "Kila kaburi tutakaloliona, tutalihamisha kwa heshima."

Affie akashusha pumzi. Nilimwona kabisa. Usiku ule alilala, Isom alituambia, mara ya kwanza tangu habari za bwawa zisikike.

Yule bwana aliitwa Teague. Wiki iliyofuata alipanda kilimani kutazama makaburi, na Affie alikuwa palepale anafagia, mimi nimeketi kwenye ngazi ya kanisa namenya viazi vitamu. Bwana Teague na mwenzake wakasimama kwenye ukingo wa mierezi. Wakaona zile sahani, zile chupa, zile taa zilizopasuka, vioo vya saa vinavyong'aa kwenye majani. Mwenzake akapiga mluzi.

"Ama hawa! Wanazika watu wao jalalani?"

Wakacheka. Si kicheko kibaya sana, kile cha watu waliochoka wakaona kituko. Kisha Bwana Teague akamwona Affie, akagusa kofia yake. "Habari, shangazi," akasema. Ndivyo walivyokuwa wanatuita wanawake wetu wakubwa, ili wasilazimike kutuita bibi fulani. Wakaenda zao.

Affie alibaki ameshika ufagio. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia. Achana nao."

"Jalala. Mimi nafagia hapa kila Jumamosi ya Mungu, mtu anakuja anasema jalala."

"Wifi, wanajua nini wale? Wangekuona wewe unakufa kwa ajili ya vumbi, wangesema hivyo?"

Hakucheka. Na Affie asipocheka kwa neno kama hilo, ujue mambo yamemwingia. Jioni alikwenda nyumba kwa nyumba kwa akina mama wa kanisa. Aliwaambia, watu wale watawafukua wazee wetu, watawashika kwa mikono yao. Je, wawashike huku wanawacheka? Tupasafishe. Tupange vizuri. Vitu tuvitoe tuviweke kando mpaka watakapohamishwa, kisha tutawarudishia kule kwenye makaburi mapya, kila mtu na chake. Wapite wakute mahali pa watu wenye adabu zao.

Mimi nikasema, kwetu pwani hatugusi. Wengine nao wakasitasita. Lakini Shemasi Prioleau akasema kwa jambo hili la kuhama tunagusa mpaka mifupa, sembuse vikombe, na Mungu anaona nia. Tena wengi walikuwa na uchungu uleule wa jalala. Ukishachekewa wafu wako, unaona afadhali ufanye lolote.

Basi tukaenda, akina mama wote wa Hebroni, na vikapu na mafagio. Tukaomba radhi kwa kila kaburi. Tukatoa vitu vyote, kila mmoja vya watu wake. Tukafagia. Nakwambia kilima kile hakijawahi kuwa safi namna ile. Ardhi nyekundu ililala laini, ina mistari ya ufagio kutoka mwerezi hadi mwerezi, huoni jani. Affie alisimama mlangoni pa kanisa mikono kiunoni, akatabasamu.

"Sasa waje waseme jalala," akasema.

Kikombe cha Tobi alikiweka kwenye kikapu kidogo, na kwa kuwa hakiwezi kuingia nyumbani, alikitundika nje kwenye nguzo ya baraza. Alisema ni siku chache tu.

Sasa sikiliza. Wakati huohuo bwawa lilikuwa linaajiri watu wa kukata miti bondeni kote, na kazi nyingine hakuna, maana mashamba yote yameshahukumiwa. Isom akaajiriwa. Fundi wa msumeno angefanya nini? Walikuwa wanaondoka gizani wanarudi gizani, wanalala wengine hukohuko. Siku zamu ya kilima ilipofika, msimamizi aliwaambia miti yote, mpaka ya makaburini, Bwana Teague anataka kuona ardhi. Isom akamwambia mwanangu yuko pale. Msimamizi akasema pole, lakini miti ni miti, kama hutaki atakata mwingine.

Isom akasema atakata yeye. Aliwaza, afadhali mimi baba yake kuliko mgeni atakayemwangushia gogo kichwani. Akaikata mierezi ya upande ule wote kwa mikono yake, mmojammoja, akiielekeza ianguke nje. Na ule uliojisokota akaukata pia, ukaanguka taratibu. Aliporudi nyumbani hakusema, kwa sababu hakutaka kumtia mkewe uchungu.

Hakujua kwamba mwerezi ule ndio alama pekee iliyokuwa imebaki. Angejuaje? Alikuwa anajua kuna kikombe. Habari ya kufagia aliisikia juujuu, akadhani ni kufagia kulekule kwa siku zote.

Wengine wakaja nyuma yake na matrekta. Wakaburuta magogo kwa minyororo, kila upande. Matawi wakayakusanya wakayachoma palepale juu ya kilima, moshi ukakaa juma zima. Kanisa nalo likabomolewa, mbao zikapakiwa kwenda kule juu. Kisha mvua ikanyesha.

Bwana Teague alipokuja na vigingi vyake vyenye vitambaa vyekundu, tulipanda wote. Palikuwa na visiki na majivu na matope, na mitaro ya minyororo inakatizana. Yale mawe machache ya waliokuwa na mawe yalikuwepo, mengine yameinama. Mama mkwe wangu, mama yake Affie, alikuwa na jiwe la saruji ambalo Renty aliliandika kwa msumari, likapigiwa kigingi. Mzee fulani akapigiwa. Wengine wachache. Bwana Teague akafunga mfuko wake.

"Wameisha," akasema.

"Hawajaisha," akasema Affie. "Mwanangu yuko hapa."

"Hapa wapi, shangazi?"

Affie akanyoosha mkono. Mkono ukaenda kulia, ukarudi kushoto, ukatafuta. Akazunguka nyuma ili atazame kutokea mlango wa kanisa, na mlango haupo. Akatafuta mwerezi wake, na mbele yake visiki vitupu, vyote vya mviringo, vyote vyekundu katikati. Kisiki hakisemi kama shina lake lilikuwa limejisokota.

"Palikuwa na mti," akasema.

"Ndiyo, palikuwa na miti mingi."

"Uliokuwa umejisokota. Isom! Uko wapi ule mti?"

Isom alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikageuka nikamtazama, na ndipo nikaelewa, kabla hajafungua mdomo. Alikuwa anaonekana kama mtu aliyepigwa.

"Niliukata," akasema. "Niliukata mimi, mama Tobi, usije ukamwangukia."

"Sikuulizi nani kaukata. Nakuuliza kisiki chake kiko wapi."

Akatembea. Akainama kwenye kisiki, akakigusa, akaenda kingine. Nilimwona akijaribu kukumbuka alisimama wapi, jua lilikuwa wapi. Alikata mingi siku ile, na macho yake, alisema baadaye, yalikuwa yamejaa machozi.

"Nadhani ni hiki," akasema. "Au hiki."

Bwana Teague hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Angekuwa mbaya ningemtukana nikapoa. Alivua kofia. Alisema, "Mnionyeshe mahali, nitamtoa, hata kama nitabaki peke yangu. Lakini siwezi kuchimba kilima kizima. Nitarudi wiki ijayo. Mkipata, mniambie." Renty akamwambia kuna watu wengi hapa chini kuliko hao mliowapigia vigingi. Akajibu, "Nakuamini." Basi. Akatuamini, akaondoka.

Affie alileta vikapu vya watu wote, akataka tuvirudishe vitu mahali pake. Akina mama wakashika vikombe vyao, wakatazama ardhi, wakatazamana. Mmoja akaanza kulia, na wote wakafuata. Nani angejua? Kila mtu alikuwa amekariri kaburi lake kwa mti, kwa kona ya kanisa, kwa kaburi la jirani. Vyote vimeondoka kwa pamoja.

Kesho yake Isom alichimba karibu na kisiki cha kwanza. Sisi hatuchimbi makaburi yaliyokwisha kufukiwa, jamani, ni jambo la kutisha, lakini alichimba. Affie alipiga magoti ukingoni, anachambua udongo kwa vidole. Mara Isom akasimama. Palikuwa na kiko cha udongo na shanga za buluu, na kipande cha mfupa wa mtu mzima.

"Si yeye," akasema.

Affie akazitazama zile shanga. Ni mtu wa zamani, wa wale tusiowajua majina, alikuja nchi hii kwa minyororo na sasa tumemfukua tena. Affie akajifunika uso.

"Tusamehe, bibi," akamwambia yule wa shimoni. "Tusamehe. Namtafuta mtoto wangu."

Wakamfukia. Wakachimba pengine, wakakuta udongo mwekundu tu. Walipohamia kwenye kisiki cha tatu, watu wa Hebroni walikuwa wamepanda kilimani, na Shemasi Prioleau mbele yao.

"Affie, binti yangu," akasema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Inatosha. Hao mnaowafukua nao ni watoto wa watu."

"Shemasi, nilimwambia maji hayatamgusa."

"Najua."

"Nilimwambia mbele yako."

"Najua, mwanangu. Wangu pia wako humu."

Mzee yule alikuwa na mke na mabinti wawili pale chini. Affie alikuwa amesahau, na sisi pia tulikuwa tumesahau. Isom akaweka chini koleo. Tukashuka.

Siku ile njiani ndipo nilipowasikia. Nilikuwa nyuma yao kidogo tu.

"Wewe ulikata," Affie akasema.

Isom, yule mpole, asiyejibu, akajibu. "Na wewe ulifagia."

Wakaendelea kutembea. Sijawahi kusikia yeyote kati yao akirudia maneno yale.

Bwana Teague aliporudi alitutolea shauri. Alisema anaweza kuchukua udongo wa kilima, atautia kwenye sanduku dogo, azike kule juu pamoja na wengine, tuweke na msalaba. Alisema kwa wema. Affie akamsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana," akasema, "mtoto wako akipotea sokoni, nikikuletea udongo wa soko utaupokea?"

Bwana Teague akainamisha kichwa. Sanduku halikuchimbiwa.

Tukahamia huku juu, kwenye mchanga usioota kitu. Mnaweza kuishi, tuliambiwa, na kweli tunaishi. Watu wanadhani maji ya bwawa huja kwa kishindo. Wapi! Yanakuja kama mgeni mwenye haya. Leo yapo kwenye matete, kesho yamefika kwenye shamba la zamani la Renty, keshokutwa yanalamba ngazi ya nyumba yangu iliyobaki bila nyumba. Mbele yake wanakimbia sisimizi na sungura na nyoka. Kila mchana Affie alikwenda kusimama ukingoni, na kila siku ukingo ulikuwa karibu zaidi na nyumbani. Nilikuwa naenda naye. Mimi mwenye mdomo huu, nilimshika mkono tu.

Kilima kilibaki kisiwa kwa muda. Tulikuwa tunakiona na visiki vyake. Affie alisimama kwenye matope maji yakimfika vifundoni, akanyoosha viganja mbele, kama anamzuia ng'ombe asiingie shambani. Jamani! Mwanamke mzima, viganja viwili, anazuia ziwa. Nilimshika kiuno nikamrudisha, na tulilia sote wawili mpaka kamasi.

Siku visiki vilipopotea, hakulia. Alirudi nyumbani akitembea haraka, nami nyuma yake nahema. Isom alikuwa barazani. Affie akaenda kwenye nguzo, akashusha kile kikapu kilichokaa nje miezi yote ile, akatoa kikombe. Akakipangusa kwa aproni yake. Kisha akaelekea mlangoni.

"Wifi!" nikapiga kelele. "Usikiingize ndani! Unajua mwenyewe atakifuata!"

Akageuka akanitazama kama mimi ndiye mjinga wa kijiji.

"Sasa unadhani nakiingiza kwa nini?"

Akaingia. Isom akainuka, akaenda akamshikia mlango. Nikamwona Affie kupitia dirishani akikiweka mezani, akamimina maziwa, akavuta kile kiti cha tatu ambacho hakuna mtu hukalia.

"Aje," akasema. "Humu ndani ni pakavu."

Hayo ni ya miaka mingi sasa. Ziwa limezoeleka, wazungu wanakuja Jumapili kuvua samaki na kuogelea, na watoto wetu hawajui kama kuna watu chini. Affie amezeeka, mgongo umepinda, lakini ufagio hajauacha. Ila siku hizi hafagii asubuhi. Anafagia jua linapozama, uwanja wote, kutoka barabarani mpaka mlangoni, analainisha mchanga mpaka ungeona hata mguu wa kuku. Mlango haufungwi. Alfajiri anatoka taratibu na kuinama, anautazama mchanga hatua kwa hatua, kama kuna nyayo ndogo zimeingia.

Macho yake sasa hayaoni vizuri. Kwa hiyo ni mimi. Kila asubuhi nakuja, napitia pembeni, nainama naye.

"Wifi, umeona kitu?" ananiuliza.

"Bado, wifi," namwambia.